Uzi: Namna ya kuitambua shule ya awali iliyo bora kabla hujalipa ada

Mwalimu wa Awali, Dar es Salaam (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, habari za kutwa.

Kila mwaka kuanzia Oktoba hadi Januari simu yangu haipumziki. Ndugu, majirani na wazazi wa wanafunzi wangu wa zamani huniuliza swali lilelile: mtoto ametimiza miaka minne, tumpeleke wapi? Nimefundisha madarasa ya awali kwa miaka 16, kwanza katika shule mbili za binafsi na sasa katika shule ya msingi ya serikali. Nimeona ni vyema niandike ninayoyajua mahali pamoja, ili mwenye haja asome na mwenye uzoefu mwingine anisahihishe.

Nianze na jambo ninalolijutia hadi leo. Mwanangu wa kwanza nilimpeleka katika shule ambayo sitaitaja. Nilivutiwa na ukuta uliochorwa twiga na pundamilia, na bembea za rangi, na zaidi ya yote daftari la mtoto wa jirani lililojaa herufi zilizonyooka kama za mtu mzima. Nilikuwa mwalimu tayari, lakini sikuuliza swali hata moja la maana. Kufikia mwezi wa tatu, mtoto ambaye nyumbani alikuwa hatuachi tupumue kwa maswali alikuwa amekuwa mkimya. Jioni moja nilimpa kalamu za rangi na karatasi nikamwambia achore chochote anachokipenda. Aliikodolea macho ile karatasi, kisha akaniuliza, "Mama, nichore nini ili nipate vema?" Alikuwa na miaka minne na nusu.

Tangu siku hiyo ninaamini kwamba ubora wa shule ya awali hautafutwi kwenye jengo wala kwenye daftari. Unatafutwa katika mazungumzo yanayopita kati ya mtu mzima na mtoto, na katika kazi ambayo mikono ya mtoto inaruhusiwa kuifanya. Mazungumzo hayo huwezi kuyaona ukiwa ofisini kwa mkuu wa shule. Kwa hiyo ombi lako la kwanza liwe kuketi nyuma ya darasa kwa saa moja, siku ya kawaida ya masomo, bila kuingilia kazi ya mwalimu. Shule inayokuonyesha bwalo, basi na picha za mahafali, kisha ikakukatalia kabisa kuingia darasani, imekwisha kukujibu.

Ukiwa humo, sikiliza maswali ya mwalimu. Nitawapa mfano wa madarasa mawili niliyowahi kuyaona, yote yakifundisha kuhesabu kwa vizibo vya soda. Katika la kwanza mwalimu alinyanyua vizibo vitano akauliza, "Hivi ni vingapi?" Watoto wakapaza sauti, "Vitanoo!" "Tena!" "Vitanoo!" Ilikwenda hivyo kwa robo saa, na watoto wa safu ya nyuma walikuwa wakifuata tu mwangwi wa wenzao. Katika la pili mtoto wa kike alikuwa ameketi mkekani, amepanga vizibo sita vyekundu kwa kuvibananisha na sita vya njano kwa kuviachia nafasi. Mwalimu akachuchumaa mbele yake. "Vipi ni vingi?" Mtoto akasema vya njano, kwa kuwa mstari wake ulikuwa mrefu. Mwalimu hakumwambia kuwa amekosea. Alimwuliza, "Umejuaje?" kisha akamwambia, "Hebu mpe kila chekundu mwenzake wa njano." Mtoto akavioanisha kimoja kimoja, akafika mwisho, akatafuta kama kuna kilichobaki chini ya mguu wake, akanyanyua uso akasema taratibu, "Mwalimu, vimelingana." Katika darasa la kwanza watoto walipata jibu. Katika la pili mtoto aligundua kwamba macho yake yanaweza kumdanganya na kwamba ana njia ya kuhakikisha. Mwalimu wa namna hiyo, hata akiwa chini ya mwembe, mfuate.

Baada ya maswali, tazama zana ziko wapi. Madarasa mengi siku hizi yana kona za kujifunzia, ya hesabu, ya lugha, ya nyumbani, ya sayansi, ya sanaa. Lakini zana zilizofungwa kwenye mifuko ya plastiki juu ya kabati, zisizo na alama ya kidole, ni za wageni. Zana zinazotumika huchakaa: vifuu vina mikwaruzo, kadi zimekunjika pembe, mwanasesere hana mkono mmoja. Muulize mtoto mmoja, "Hiki mnakifanyia nini?" Akikueleza bila kumtazama mwalimu kwanza, ni dalili njema sana.

Hapa kuna jambo ambalo wazazi hawalipendi, nami sina budi kulisema. Mtaala wa elimu ya awali wa Tanzania Bara wa mwaka 2016 ulitaja umahiri sita: kuhusiana, kuwasiliana, kutunza afya, kutunza mazingira, kumudu stadi za kisanii, na kumudu stadi za awali za kihisabati. Hakuna hata mmoja unaosema mtoto wa miaka minne ajaze ukurasa kwa herufi "a" kila jioni. Misuli midogo ya vidole hukomazwa kwanza kwa kufinyanga udongo, kutunga shanga, kuchana karatasi na kumenya ndizi, ndipo kalamu ishikike bila maumivu. Mtoto anayerudi na kurasa tatu za kazi ya nyumbani anaifanyia kazi hofu ya mzazi wake kwamba ada inapotea bure, na shule zinaifahamu hofu hiyo vizuri.

Kuhusu idadi, kiwango chetu cha taifa ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Usikubali kutajiwa jumla ya walimu wa shule nzima ikagawanywa kwa jumla ya watoto. Hesabu vichwa ndani ya darasa hilo, asubuhi hiyo.

Ulizia pia mwalimu huyo amekaa hapo muda gani na amesomea nini. Mtoto mdogo hujifunza kwa mtu anayemwamini, na imani hiyo hujengwa kwa miezi. Shule inayobadilisha walimu wa awali kila muhula, kwa kuwa mshahara hautoshi au unachelewa, inavunja kila mara kitu ambacho mtoto ndiyo kwanza alikuwa amekipata. Kwa maoni yangu swali hili lina uzito kuliko lile la ada.

Lugha nayo inahitaji maneno ya wazi. Sipingi Kiingereza, na wanangu wanakijua. Ninachokipinga ni mtoto wa miaka mitatu kuvalishwa kibao shingoni kwa sababu ameomba kwenda chooni kwa Kiswahili. Mtoto hufikiri kwa lugha anayoijua, hukasirika kwayo na huomba msaada kwayo. Shule nzuri ya mchepuo wa Kiingereza ina mwalimu anayemsikia kwanza kwa lugha yake, kisha anampa neno jipya.

Mengine nitayapitia haraka kwa sababu hayana mjadala. Vyoo viwe vya kimo chao, na maji ya kunawa yawe karibu. Ua uwe na lango linalofungwa na mtu anayejua nani anamchukua nani. Ndani ya gari awemo mtu mzima mwingine mbali na dereva, naye awahesabu watoto wanapopanda na wanaposhuka. Fimbo ikiwa juu ya meza ya darasa la awali, ondoka. Na shule ikikuambia inalaza bwenini watoto wa awali, ujue kwamba mwaka 2023 serikali ilipiga marufuku bweni kuanzia awali hadi darasa la nne. Vilevile tofautisha kituo cha kulelea watoto mchana, ambacho husajiliwa kupitia ustawi wa jamii chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na darasa la awali lililo chini ya wizara ya elimu. Omba kuona cheti cha usajili na usome kinasema ni cha kitu gani.

Karibuni kwa maswali.

Mama wa Tabata

Shikamoo Mwalimu. Nakushukuru kwa uzi huu, umenikuta njia panda. Nina shule mbili mkononi. Moja ina neno "Montessori" kwenye bango la getini, na ada yake ni karibu mara mbili ya nyingine. Ya pili inafanya usaili: mtoto anatakiwa ajue kuandika jina lake na kuhesabu hadi 20 kabla ya kupokelewa. Mume wangu anaona usaili ni ushahidi wa viwango. Je, yupo sahihi?

Mwalimu wa Awali

Marahaba, mdogo wangu.

Nianze na usaili. Shule inayochuja watoto wa miaka minne kwa kigezo cha kuandika jina inachagua watoto ambao nyumbani kwao kuna mtu aliyewafundisha, kisha mwisho wa mwaka inajisifu kwa kazi ya mama zao. Mazungumzo mafupi na mtoto mbele ya mzazi wake, ili mwalimu amjue, hayana ubaya. Shemeji mwambie aulize swali hili: mtoto aliyeingia hapa akiwa hajui kuhesabu, mlimfanyia nini na sasa yuko wapi? Shule ikikosa hata mfano mmoja, viwango anavyoviona vilitoka nyumbani kwa watu.

Kuhusu bango, jina hilo halina mwenyewe wa kulilinda, kwa hiyo mtu yeyote anaweza kuliandika getini kwake. Maria Montessori alikuwa daktari wa Italia, na nyumba yake ya kwanza ya watoto aliifungua Rome tarehe 6 Januari 1907, katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo. Kama shule inafuata kweli njia yake, utakuta watoto wa miaka mitatu hadi sita wamechanganywa katika chumba kimoja, rafu ni fupi na ziko wazi, kila mtoto anachagua kazi yake, anaitandikia mkeka mdogo, anaifanya mpaka atosheke na kuirudisha mahali pake. Asubuhi ina muda mrefu wa kazi usiokatizwa na kengele, kwa kawaida kama saa tatu. Ukikuta watoto wameketi kwa safu wakiitikia ubao, basi bango ni rangi tu, na tofauti ya ada unailipia rangi hiyo.

Mwalimu wa Unguja

Assalaam alaykum nyote. Mwalimu wa Dar es Salaam ameeleza vyema, nami ningependa kuongeza ya kwetu, kwa sababu mara nyingi tunazungumza kana kwamba elimu bora ya awali lazima itoke kwa mzungu na ilipiwe ada kubwa.

Katika miaka ya 1980 jamii za Waislamu wa Pwani ya Kenya zilikuwa na wasiwasi kwamba watoto wao wanaanza darasa la kwanza wakiwa nyuma ya wenzao. Hawakutaka kuacha malezi ya dini, na hawakutaka watoto waendelee kubaki nyuma. Kwa msaada wa Aga Khan Foundation, Mombasa kulianzishwa madarasa ya awali yaliyofungamanishwa na madrasa, na aliyeyajenga hatua kwa hatua ni mwalimu wa hapo, Bi Swafiya Said. Baadaye mpango huo ukavuka hadi Zanzibar na Uganda. Mimi nilipata mafunzo kupitia njia hiyo.

Nilichofundishwa kwanza ni kutengeneza zana kwa vitu vya mtaani: vifuu na kumvi, makuti, vibuyu, vipande vya kanga, kifungu kidogo cha pawa na mbuzi ya kukunia nazi kwa ajili ya kona ya nyumbani. Nyimbo na hadithi zilikuwa za Kiswahili, na mama na bibi walikuja kuzisimulia wenyewe. Cha pili ni mpangilio wa siku. Asubuhi kila mtoto anasema atafanya nini na wapi. Anakwenda kufanya. Kisha tunaketi duara, naye anatueleza alichofanya na kilichomshinda. Tuliita kupanga, kufanya na kupitia. Mgeni akiniuliza namna ya kupima darasa, humwambia asubiri wakati wa kupitia. Mtoto aliyekuwa akifanya kazi yake kweli atakuwa na la kusema, hata kama ni kwamba mnara wake wa vifuu ulianguka mara tatu na Khamis ndiye aliyeupiga teke.

Mwalimu wa Awali

Wa alaykumu s-salaam, Mwalimu mwenzangu. Umenikumbusha kitu, kwa sababu huo mpangilio wa kupanga, kufanya na kupitia una historia ndefu ya kufuatiliwa. Ulitokana na kazi ya mwanasaikolojia David Weikart na wenzake katika mji wa Ypsilanti, jimbo la Michigan, Marekani. Kuanzia mwaka 1962 walichukua watoto 123 wa familia maskini za Wamarekani weusi. Watoto 58 wakaingia katika darasa la awali lenye walimu waliosomea kazi hiyo, ambao pia walizitembelea familia nyumbani kila wiki. Waliobaki 65 hawakuingia. Vipimo vya akili vya kundi la kwanza vilipanda mwanzoni, lakini tofauti hiyo ilififia baada ya miaka michache ya shule ya msingi. Kama wangeacha kufuatilia hapo, wangesema fedha zimepotea. Hata hivyo, walipowatafuta tena wakiwa na miaka 40, waliopitia darasa lile walikuwa wamemaliza sekondari kwa wingi zaidi, walipata kipato kikubwa zaidi, na wachache zaidi walikuwa wamekamatwa na polisi.

Mzazi anayeumia kwa sababu mtoto wa jirani anasoma sentensi akiwa na miaka minne na wako bado, nakuomba uyazingatie matokeo haya. Kutangulia kwa herufi huweza kufikiwa na wengine upesi. Uwezo wa kupanga jambo, kulishikilia na kuelewana na wenzako ndio ninaoutafuta ninapoketi nyuma ya darasa.

Baba wa Shinyanga Vijijini

Nimewasoma kwa makini, na sina budi kusema kwamba mazungumzo haya ni ya watu wenye chaguo. Kijijini kwetu kuna shule moja ya msingi, na darasa la awali lina watoto zaidi ya 90 na mwalimu mmoja. Wengi wao wamekulia kwenye Kisukuma, Kiswahili wanakutana nacho hapo. Mwalimu naye akihitajika kusimamia mtihani wa darasa la saba, watoto wanaachwa na kiranja. Mimi ni mjumbe wa kamati ya shule. Sitafuti kutambua shule bora. Nataka kujua cha kudai.

Mwalimu wa Awali

Kaka, una haki, na nakiri niliandika nikiwa na wazazi wa mjini mawazoni. Elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016, na darasa la awali likiwa sehemu ya elimu msingi, watoto waliitikia kwa wingi kuliko vyumba na walimu tuliokuwa nao. Lakini kamati ina nguvu kuliko wengi wanavyodhani, nami ningeanza na mambo manne, kwa utaratibu huu.

La kwanza halihitaji fedha: kamati iweke katika muhtasari wa kikao kwamba mwalimu wa awali haondolewi darasani kwa kazi nyingine bila mtu mzima wa kumshikia nafasi. Wakuu wengi wa shule huliona darasa hili kama mahali pa kuazima mwalimu, na hawatabadilika mpaka waulizwe kwa maandishi.

La pili, gawanyeni watoto zamu mbili, au mtafuteni kijana wa kijijini aliyemaliza kidato cha nne, anayejua Kisukuma na anayependa watoto, awe msaidizi. Mpango wa kuboresha elimu wa EQUIP-Tanzania uliwatumia wasaidizi waliochaguliwa na jamii katika mikoa kadhaa, Shinyanga ikiwemo, kwa masomo ya kumwandaa mtoto kuanza shule, yaliyojengwa juu ya hadithi. Ulizeni kama kuna waliopata mafunzo hayo karibu nanyi. Kuhusu Kisukuma, mwalimu asione aibu kukitumia: hadithi ya sungura ikisimuliwa kwanza kwa lugha ya nyumbani, kisha kwa Kiswahili, mtoto anashika maneno mapya akiwa tayari anaijua habari yenyewe.

La tatu ni uji. Mtoto aliyetembea kilomita mbili bila kula hafundishiki, na mahindi ya kuchangia kwa debe wakati wa mavuno ni rahisi kuliko fedha taslimu mwezi Februari.

La nne, siku moja ya kutengeneza zana. Wazazi waje na mabua, vizibo, mbegu, udongo wa mfinyanzi na magunia ya kukalia. Watoto 90 hawawezi kuitikia ubao mmoja, ila makundi sita ya watoto 15, kila moja likiwa na kazi yake mkononi, humpa mwalimu nafasi ya kuchuchumaa mbele ya kundi moja kwa wakati.

Mwalimu wa Unguja

Ndugu yangu wa Shinyanga, nami niongeze hili. Zanzibar tulikuwa na vituo vya Tucheze Tujifunze katika maeneo yasiyokuwa na shule ya karibu. Watoto walikusanyika na mlezi wa mtaani, redio ikawashwa, na kipindi chenyewe kikawaongoza kuimba, kuruka, kuhesabu na kujibu, huku mlezi akifuata. Mlezi hakuwa mwalimu wa stashahada, ila alikuwapo kila siku na aliwajua watoto kwa majina. Kigezo hicho cha majina kitumieni hata nyinyi.

Mama wa Tabata

Nimerudi kutoa mrejesho. Jana niliketi katika shule ile ya bango kwa saa nzima. Rafu zilikuwa wazi kweli na watoto wamechanganywa umri, lakini zaidi ya nusu ya muda mwalimu alikuwa ubaoni. Leo nimekwenda ya tatu, ambayo sikuwa nimeifikiria, ni ndogo na ipo nyuma ya kanisa karibu na nyumbani. Watoto 22, walimu wawili, na mmoja wao ana miaka saba hapo. Mtoto mmoja alimwaga maji, mwalimu akampa tambara, wakafuta pamoja huku akimwuliza maji yamekwenda upande gani na kwa nini. Mume wangu amekubali. Swali la mwisho: mwanangu analia sana akiachwa. Nimwache getini niondoke haraka kama wengi wanavyonishauri?

Mwalimu wa Awali

Usitoroke. Ukiondoka kwa siri atakutafuta siku nzima, na kesho yake hatakuachia mkono kabisa. Waombe walimu wiki ya kwanza uingie naye, siku ya kwanza saa moja kisha mrudi wote nyumbani, siku ya pili umwache kwa dakika chache ukiwa nje ya mlango, na uongeze taratibu. Unapoondoka mwambie waziwazi utarudi baada ya tukio analolijua, kwa mfano baada ya uji, na urudi hasa wakati huo, hata kama itakubidi usubiri barabarani. Mpe kipande cha kanga yako akiweke mfukoni. Na mwalimu wa tambara, mwambie mapema jina ambalo mtoto anaitwa nyumbani.